Pampu ya volti 12 inazimisha saplai kila ikianza, superkapasita itasaidia?

Bomba Kavu:
Wakuu, naomba msaada. Nina saplai ya volti 12, ampia 3. Pampu ikishakolea inakula ampia 2.2 tu, lakini inapoanza inavuta karibu 9. Saplai inajizima, inajiwasha, inajizima tena: tik, tik, tik. Saplai kubwa zaidi haiingii kwenye boksi. Ninazo superkapasita (kapasita zinazohifadhi umeme mwingi) sita za faradi 10, volti 2.7 kila moja. Nikiziunga mfululizo, kisha benki yote sambamba na pampu, nimemaliza?

Waya Mwekundu:
Bado, mkuu. Superkapasita tupu mbele ya saplai ni sawa na shoti. Weka rezista ya kuchajia.

Fundi Saketi:
Rezista itachaji benki, sawa, lakini tik tik itabaki palepale. Pampu ikianza, saplai inang'ang'ania kushika volti 12, kwa hiyo mzigo unaiangukia yenyewe kwanza. Kapasita haitoi kitu mpaka volti zishuke, na hapo saplai imeshajizima.

Kinachotakiwa ni kidhibiti mkondo kati ya saplai na benki. Tafuta moduli ya kupandisha na kushusha volti yenye skrubu ya kikomo cha ampia. Weka volti 12, ampia 2.5, usiende 3, maana moduli nayo inakula chake. Kwenye pato lake weka dayodi, benki isije ikarudisha umeme nyuma. Pampu iunge moja kwa moja kwenye benki, kwa waya mfupi na mnene.

Hesabu: sita mfululizo ni faradi 1.67. Pampu inataka 9, moduli inatoa 2.5, benki itatoa ampia 6.5 zilizobaki, zikidumu sekunde 0.3 ni kama kulombi 2, volti zinashuka 1.2. Ukinzani wa ndani, tuseme miliomu 30 kwa seli (superkapasita moja), unakula 1.2 nyingine. Pampu itaanza na volti 9 na ushee. Ikigoma, nunua za faradi 25.

Bomba Kavu:
Asante sana mkuu. Tano si zinatosha? Ni volti 13.5.

Fundi Saketi:
Kwenye karatasi tu. Seli hazilingani kamwe, na yenye faradi chache ndiyo inayopanda volti haraka kuliko wenzake. Kwa sita, kila moja inabeba 2.0, unabaki na nafasi. Hata hivyo funga rezista ya omu 100 sambamba na kila seli, na mara ya kwanza kuchaji pima moja moja kwa mita. Fyuzi pia, karibu kabisa na benki: ikijaa ina jouli 120, bisibisi ikiteleza hapo utaona cheche.