MJADALA: Intaneti kupitia nyaya za umeme, wenye redio walizuia maendeleo Marekani?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila jazba. Oktoba 2004, FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ilipitisha kanuni za kuruhusu intaneti ya kasi ipite kwenye nyaya za umeme za mitaani. Hoja ilikuwa tamu: nguzo zipo hadi vijijini, uchimbe mtaro wa nini? Wakapinga watu wa redio za ridhaa, wale wanaozungumza kwa leseni kwenye masafa mafupi, kupitia chama chao cha ARRL. Wakaonekana wazee wanaong'ang'ania redio za enzi zao.

Mimi niko na hao wazee. Waya wa simu umesokotwa na wa kebo umefunikwa, mawimbi yasivuje. Waya wa umeme uko wazi juu ya nguzo. Upitishie mawimbi ya kati ya megahezi 1.7 na 80, unageuka antena. Antena ya kawaida ya megahezi 7 haizidi mita 20 hivi, sasa pigia hesabu nyaya za mtaa mzima. Na chini ya nguzo hizo kuna mtu anatega sikio apate sauti hafifu kutoka bara jingine. Sindano ya redio yake imepanda, imeganda palepale, na spika inakwaruza mfululizo.

Sheria yenyewe inasema kifaa kisicho na leseni kisimsumbue mwenye leseni, kikisumbua kizimwe. Lakini anayelazimika kupima, kuandika barua na kusubiri ni huyo mwenye leseni. Na hata vipimo vilikuwa na walakini: Aprili 2008 mahakama ya rufaa ya Washington ilisema FCC ilificha sehemu za tafiti za wataalamu wake, tena haikueleza vya kutosha kwa nini inakadiria mawimbi yanafifia kwa desibeli 40 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi) kila umbali unapoongezeka mara kumi. Ukikadiria yanafifia haraka, kelele inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Mwaka 2011 FCC ikarudi na 40 ileile!

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umewapendelea. Watu wachache wa hobi wainyime intaneti wilaya nzima? Masafa yao si yanarukwa tu, mtambo usitume kitu hapo? Halafu huku Kenya kile kidude cha kuingizia tokeni kinaongea na mita iliyo kwenye nguzo kwa waya huohuo wa umeme. Nani amelalamika?

Mleta mada: Kidude cha tokeni kinatuma data kiduchu, chini ya kilohezi 500, kisha kinanyamaza. Hailingani na intaneti ya mtaa mzima usiku na mchana. Kuruka masafa nakubali, ndiyo hoja yako nzito. Motorola walikuja na mfumo uliokwepa nyaya za msongo wa kati, zile zinazosambaza umeme mitaani kabla ya transfoma, na kuruka masafa ya ridhaa, na ARRL wakaupokea vizuri. Kwa hiyo ilikuwa inawezekana. Swali ni kwa nini wengine wote hawakubanwa wafanye hivyo tangu siku ya kwanza.

Mchangiaji wa pili: Mnabishana na marehemu. Manassas, Virginia, ndio mji uliopigiwa mfano, huduma ikaenea mji mzima 2005. Mwaka 2010 baraza la mji likapiga kura kuifunga. Wateja walikuwa wachache, na kebo na faiba zilishaipita kwa kasi. Pesa ndiyo iliyoiua, redio hazihusiki.

Mleta mada: Sawa, soko liliamua. Ila miaka yote hiyo malalamiko ya kelele yalikuwa yanaandikwa Manassas na watu waliokuwa na leseni mkononi. Na hiyo hobi mnayoibeza, kimbunga Katrina kilipolaza simu kusini mwa Marekani mwaka 2005, ilipitisha ujumbe wa uokoaji kwenye masafa hayohayo. Mnaosema watu wa redio wangevumilia tu kelele, nijibuni moja: gharama ya kuthibitisha kelele ibebwe na nani, aliyeingia jana na mtambo wake au aliyekuwepo na leseni?