Maji yanatuama shambani siku 2 hadi 3 kila mvua kubwa: nimwage mchanga, nichimbe mifereji au nianze na udongo wenyewe?

Mleta mada:
Salaam wakuu. Shamba ni ekari 2 za mahindi, udongo mfinyanzi, mteremko ni kidogo sana. Hulimwa kwa plau ya trekta na haro kila msimu, na baada ya mavuno ng'ombe huingizwa kula mabua. Mvua ikikolea maji yanatuama, mahindi yanageuka njano kuanzia majani ya chini. Kuna wanaosema nimwage mchanga, wengine mifereji. Nianze na lipi?

Jembe Butu:
Mchanga sahau kabisa mkuu. Tabaka la sentimita 5 tu kwa ekari moja ni zaidi ya mita za ujazo 200, na hata hilo ni dogo mno kubadilisha mfinyanzi. Ukichanganya kidogo, mfinyanzi unajaza nafasi kati ya punje za mchanga na udongo unashikana zaidi ya mwanzo.

Fundi Mboji:
Kabla ya kutoa hata senti, jua maji yanakwamia wapi. Chimba shimo la sentimita 50 katikati ya sehemu inayotuama. Safisha ukuta mmoja, uchome kwa kisu kila sentimita 5 kutoka juu kwenda chini. Kama kisu kinaingia vizuri, kikagoma kwenye sentimita 15 hadi 25, kisha kikalegea tena, hilo ni tabaka gumu la plau, yaani udongo ulioshindiliwa chini ya kina cha kulima. Angalia na mizizi ya mahindi: ikifika hapo inakunja na kulala upande. Udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu unaonyesha kwamba maji hukaa hapo muda mrefu kila mwaka.

Kipimo cha pili ni cha uso wa shamba. Bonge kavu la ukubwa wa ncha ya kidole gumba litumbukize taratibu kwenye glasi ya maji, na jingine kutoka mpakani pasipolimwa liweke kwenye glasi ya pili. La shambani likisambaratika ndani ya dakika 5 na la mpakani likabaki zima, udongo wako umeishiwa gundi inayotokana na mboji, mizizi na kuvu. Tone la mvua linaupasua, chembe laini zinaziba vitundu, unapata ganda juu. Maji yakibaki meupe kama maziwa baada ya saa kadhaa, shuku sodiamu. Hapo jasi (madini ya kalsiamu yanayoondoa sodiamu kwenye udongo) inaweza kufaa, ila baada ya vipimo vya maabara, si kwa kukisia.

Ripa Kavu:
Ikithibitika ni tabaka gumu, lipasue kwa ripa (jembe la meno marefu linalopasua udongo bila kuupindua), meno yashuke sentimita 5 chini ya mwisho wa tabaka. Wengi wanakosea wakati: wanasubiri mvua ilainishe ardhi. Udongo mbichi haupasuki. Jino linakata mfereji mwembamba na kupaka kuta zake lami ya udongo, maji hayapiti. Chukua udongo wa kina kile cha ripa, uviringishe viganjani. Ukitoa uzi mwembamba kuliko penseli bila kukatika, ondoka shambani.

Na ripa bila mizizi ni kazi bure, ufa hujifunga baada ya msimu mmoja au miwili. Panda mbaazi katikati ya mistari ya mahindi; mzizi wake mkuu unashuka kwenye ufa na kuacha njia ukioza. Mikunde mingine kama fiwi au marejea nayo inafaa. Plau na haro ziache, la sivyo tabaka linarudi.

Jembe Butu:
Naongezea matandazo, yaani mabua yabaki shambani. Funga kamba mafundo 20, ivute kimshazari shambani. Mafundo 6 yakiangukia juu ya bua, umefunika asilimia 30. Chini ya hapo usijisifu.

Fundi Mboji:
Hapo napingana kidogo mkuu. Kwenye shamba bapa linalotuama, matandazo mazito yanachelewesha udongo kukauka na mbegu inaoza. Inua matuta mapana ya mita 1.2 hadi 1.5, kimo sentimita 20 hadi 30, matandazo yakae juu ya tuta na mfereji ubaki wazi. Mfereji ushuke sentimita 30 hadi 50 kwa kila mita 100, utokee penye nyasi zilizoshika, usichimbe korongo kwa jirani. Mboji iliyoiva, tani 2 hadi 4 kwa ekari, ichanganywe juu tu. Mabua mabichi usiyafukie: yakizama kwenye maji yanakula oksijeni iliyobaki na kuteka naitrojeni, mahindi yakaikosa.

Mleta mada:
Nimeelewa. Na haya yaliyo shambani sasa hivi, yameshaanza njano. Nitie urea?

Ripa Kavu:
Siyo maji yakiwa bado yamesimama. Udongo ukikosa oksijeni, bakteria wanageuza naitreti kuwa gesi ikapotea hewani, hiyo ni sababu mojawapo ya njano unayoiona. Toa maji kwanza, subiri udongo upumue, uone majani mapya yakitoka kijani. Kisha tia nusu ya mbolea ya kukuzia kwa kuifukia sentimita 5, nusu nyingine baadaye. Mahindi yenye majani chini ya 6 yakague zaidi: kiini cha ukuaji bado kiko ardhini. Pasua shina moja kwa wembe. Kiini cheupe na kigumu, linapona. Cha kahawia na laini, rudishia mbegu.

Jembe Butu:
Na ng'ombe wasiingie mpaka ukikanyaga kwa kisigino kisizame. Kwato kwenye mfinyanzi mbichi zinashindilia vibaya kama trekta, tofauti ni kwamba ugumu wake uko karibu na uso. Kata sehemu ya mabua uwapelekee zizini, samadi irudi shambani ikiwa imeiva.