Nashona nguo kwa mitumba na vipande vya kanga hapa Mtwara, nimepata oda ya Dar ya mashati 80. Niichukue?

Binti Chikongola (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wadau. Wasimamizi, nawaomba msiunganishe huu uzi na ule wa "nina laki tano nifanye biashara gani", haya ni mambo mawili tofauti.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Chikongola, Mtwara mjini. Mwaka wa nne huu nimejiajiri. Sare za shule sishoni, mapazia sishoni. Nachukua mitumba inayobaki chini ya robota, ile wauzaji wanayoiita ya kudekia: jinzi zilizochanika, mashati yenye madoa. Naifumua, naiunga na vipande vya kanga, inatoka sketi, shati au koti jepesi. Hakuna nguo mbili zinazofanana. Juu yake kunadariziwa michoro ya chale alizokuwa nazo bibi yangu mzaa mama, mtu wa Newala. Nilizichora kwenye daftari akiwa hai, na mwenyewe alikuwa ananisahihisha: "Huo mstari mbona umeulaza, mimi wangu umesimama." Wanaodarizi ni mama wawili jirani, nawalipa 5,000 kwa nguo.

Miaka miwili iliyopita shangazi yangu alianza kutumia kitimwendo. Ndipo nikaona kumbe sketi ya dukani ukiikalia siku nzima inajikusanya tumboni na nyuma inaacha kiuno wazi. Nikamshonea yake: nyuma imepanda, mbele imeshuka, hakuna mshono unaopita chini ya makalio, mfuko uko juu ya paja. Wenzake wakaiona, wakaja. Sasa hivi kwa mwezi nina wateja watano, sita wenye ulemavu.

Tatizo ni hili. Sketi ya kawaida namaliza kwa saa 3. Ya kitimwendo saa 7, maana napima, anajaribu, nafumua, anajaribu tena. Zote nauza 25,000 (vifaa 8,500 na darizi 5,000 humo humo), roho inakataa kumtoza mtu zaidi kwa sababu hatembei. Mume wangu anasema hawa ndio wananirudisha nyuma.

Sasa wiki iliyopita mwenye duka mmoja wa Dar kaona kazi zangu Instagram. Anataka mashati 80 ndani ya wiki 5, kila moja 18,000. Yafanane yote, lebo iwe ya kwake, na ni mali kauli, analipa akishauza. Shati linanila vifaa 6,500, darizi 5,000, na saa 4 za kushona. Jumla ni 1,440,000. Sijawahi kushika hela hiyo kwa mkupuo. Ila nikikubali, wa kitimwendo itabidi wasubiri mwezi mzima na zaidi.

Halafu swali dogo: mwakani nataka kuanza kupaka rangi za asili. Nimefikiria magome ya mkandaa (aina ya mkoko) na maganda ya korosho, maana huku vyote vipo. Kuna aliyejaribu?

Korosho Ghafi

Chukua hela dada. Mtwara hii hela inaonekana msimu wa minada tu, ikishafika Februari tunabaki kutazamana. Huruma hailipi pango.

Mmwera wa Nachingwea

Mkuu hapo juu, hela gani unamwambia achukue? Soma tena: MALI KAULI. Mimi nilishapeleka mikoba ya ukili 40 kwa duka moja la Dar kwa mtindo huo huo. Baada ya miezi saba nikarudishiwa 26, imepauka kwa jua la dirishani. Zile 14 nikaambiwa "zinafuatiliwa". Mpaka leo zinafuatiliwa.

Na muulize mzigo ukikwama njiani hasara ni ya nani. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya kusini, waliokuwa na oda za tarehe walijua hawajui.

Mtwara Kuchele

Mpeleke Swahili Fashion Week ya Mustafa Hassanali, tuone shangazi anavyopita jukwaani na kitimwendo chake 😂 Natania, lakini sitanii sana.

Fundi Mstaafu Lindi

Binti, salaam. Nimekalia cherehani miaka 38, macho ndiyo yamenistaafisha. Nimesoma maelezo yako na kalamu mkononi.

Wewe umehesabu kwa nguo. Sasa hesabu kwa saa. Sketi ya kawaida: 25,000 toa 13,500, inabaki 11,500. Gawa kwa saa 3, kila saa imekulipa 3,800 na ushee. Sketi ya kitimwendo: 11,500 ile ile, gawa kwa 7, unapata 1,640. Shati la Dar: 18,000 toa 11,500, inabaki 6,500, gawa kwa 4. Ni 1,625.

Umeona? Hao wanaokurudisha nyuma wanakulipa shilingi kumi na tano zaidi ya tajiri wa Dar kwa kila saa, tena wanalipa mkononi. Mwonyeshe mumeo, taratibu tu, si kwa kumkomoa.

Endelea. Mashati 80 kwa saa 4 ni saa 320. Wiki 5 ukipumzika Jumapili ni siku 30. Karibu saa 11 kila siku, umeme usikatike, mtoto asiumwe, ukapike saa ngapi sijui. Na kabla hajakupa hata senti, wewe utakuwa umeshatoa 920,000 mfukoni kwa vifaa na darizi. Unazo? Kama unazikopa, hapo hata 1,625 haipo.

La kufanana ndilo linanishangaza zaidi. Mtumba haufanani. Ili utoe 80 za sura moja lazima ununue jora jipya, na ukishanunua jora, kilichomvutia kwenye kazi yako hakipo tena. Anaweza kupata mashati hayo Kariakoo.

Zile saa 7 ndizo za kushughulikia. Zinaliwa na kupima na kufumua. Kata karatasi za mfano za mtu aliyekaa, saizi tatu. Sisi tulitumia mifuko ya saruji, karatasi ya ndani, ngumu haichaniki. Ukishuka mpaka saa 4, kila saa inakulipa 2,875 bila kumpandishia mtu bei.

Kigari Masasi

Naomba niseme kama mteja, maana naona mnatujadili kama tuko kwenye jeneza.

Mimi natumia kitimwendo, sikai nyumbani, nina kibanda cha kutengeneza simu. Jinzi ya kawaida ina mifuko ya nyuma na vile vibati vya chuma. Wewe unayehisi utajigeuza. Mimi chini ya kiuno sihisi. Niliwahi kukalia kibati siku nzima, nikajua usiku nilipoona damu kwenye shuka. Kidonda kile kilinichukua miezi minne. Kwa hiyo dada usituwekee bei ya huruma. Suruali isiyonitoboa nailipia 35,000 leo, na naijua thamani yake kuliko huyo wa Dar.

Ombi jingine: mikono ya mashati. Nikisukuma magurudumu, upande wa ndani wa mkono unasuguliwa, unachakaa ndani ya miezi miwili. Weka kiraka cha jinzi hapo, na hapo ndipo udarizi chale zako. Kiwe kiraka mtu atakachokitamani. Sitaki nguo iliyoandikwa mlemavu usoni.

Mama Mapacha

Dada, unashonea na watoto? Mmoja wa mapacha wangu ana ualbino. Shati la mikono mirefu hapa Tandahimba ukilipata ni jepesi, jua linapita. Niliambiwa kliniki niinue kitambaa kwenye mwanga: ukiona mwanga unapenya, na jua litapenya. Mitumba mingi imefuliwa mpaka imekuwa chandarua. Nahitaji kilichofumwa kwa kubana, kola inayosimama, na kofia ya ukingo mpana pande zote. Kepu inaacha masikio na shingo, na huko ndiko anakoungua.

Jirani wa Mikindani

Kuhusu rangi. Magome ya mkandaa yanatoa rangi nzuri ya kahawia inayoelekea wekundu, wazee waliitumia kupaka nyavu na matanga. Lakini mikoko ni msitu wa hifadhi, kuichuna unahitaji kibali cha TFS (wakala wa misitu), na mti ukiuchuna gome mzunguko mzima unakufa. Utasemaje nguo zako hazichafui mazingira?

Maganda ya korosho USIGUSE. Mafuta yake yanaunguza ngozi, waulize wanaobangua kwa mkono, vidole vyao vinasema. Halafu uje umvishe mtoto wa huyo mama hapo juu? Anza na maganda ya vitunguu, sokoni utapewa bure. Bizari ya manjano inapauka juani, usihangaike nayo.

Wakili wa Mchana

Fupi tu. Lebo ikiwa yake na daftari la bibi likabaki kabatini, mwakani atazichapa chale hizo kwenye poliesta na huna pa kushika. Michoro yako ipeleke COSOTA (ofisi ya hakimiliki), jina na alama ya biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara). Chale zenyewe ni za Wamakonde, huwezi kujimilikisha, ila mchoro ulioutoa wewe kwa mkono wako ni wako.

Na ukijiunga kwenye kikundi, ulizia mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Hauna riba. Hao wateja wako wanaweza kuwa na kikundi chao na wakakuajiri wewe, fikiria.

Korosho Ghafi

Nimesoma hesabu za mzee. Nafuta kauli.

Binti Chikongola

Nimewasoma wote, mzee wa Lindi shikamoo. Mume wangu kaichukua simu, kapiga hesabu mwenyewe kwa kikokotoo mara mbili, karudisha simu bila neno. Asubuhi kaniletea mifuko mitatu ya saruji kutoka saiti.

Jamaa wa Dar nimempigia. Nimemwambia mashati 20, kila moja na sura yake, lebo yangu, 24,000, nusu kabla. Kasema atanirudia. Sauti yake haikuwa ya mtu anayerudi.

Mama Mapacha, njoo inboksi na umri wa mtoto. Mkandaa na maganda ya korosho nimeachana navyo.

Kigari, ya kwako naanza kesho na hiyo 35,000 nimeikubali. Nitumie kipimo cha kiunoni mpaka gotini, ila upimwe umekaa, usipimwe umesimama.

Kigari Masasi

Dada, kusimama niliacha 2011.