Black Swan kwa projekta: picha ina chenga, tufanyeje?

Swali, Kisumu:
Wadau, kikundi chetu kinataka kuonyesha Black Swan ya Darren Aronofsky (2010). Picha ina chengachenga kila mahali. Ni nakala mbovu? Na hii ni filamu ya dansi ama ya kutisha?

Jibu, Nakuru:
Nakala ni nzima, ndugu. Sehemu kubwa ilipigwa kwa mkanda wa milimita 16, na chenga hizo ni zake. Msipandishe mwangaza wa projekta kuziondoa: weusi utageuka kijivu, na yale yanayojitokeza kwenye vioo, ambayo ndiyo yanabeba hofu, yatafifia. Zibeni madirisha kwa mapazia mazito. Spika mbili zitenganisheni, kushoto na kulia, maana minong'ono na mlio wa mabawa hutokea pembeni. Mkitumia spika moja, nusu ya wazimu wa Nina, mcheza baleti ambaye ndiye mhusika mkuu, haitasikika.

Jibu, Kakamega:
Ni ya kutisha, tena inatisha kupitia akili. Wanaolalamika kwamba haionyeshi baleti ya kutosha wananishangaza. Kamera inabebwa mkononi, mara nyingi nyuma ya shingo ya Nina, kwa hivyo tunaona anachoona yeye, hata kisichokuwepo. Natalie Portman, aliyemwigiza Nina, aliistahili kabisa ile Oscar. Tazameni mavazi pia: nyeupe na waridi mwanzoni, kisha kijivu, halafu nyeusi. Watoto wasiingie, kuna damu, kucha na ngono. Inachukua dakika 108, msiikate kwa mapumziko.