Mrejesho: Siku ya Wanawake kanisani kwetu, Dodoma

Ndugu zangu, niliwaomba ushauri kuhusu namna sisi wanaume wa usharika wetu tungewaheshimu akina mama Machi 8, nami narudi kuwashukuru. Tuliacha kuchangia vitenge, tukashika jiko wenyewe nyuma ya kanisa kama mlivyoshauri, hivyo akina mama wakakaa ibadani hadi mwisho, jambo ambalo siku za sherehe ni nadra kwao. Pilau lilishika chini kidogo, maana upepo wa Dodoma hauna simile na moto wa kuni, lakini lililiwa. Kilichoshindikana ni vyombo: wengi wetu walitawanyika mapema, na mama mmoja akajifunga kanga kiunoni, akaanza kusugua masufuria. Mwakani zamu ya kuosha tutaiandikia majina kabla ya ile ya kupika.