Kebini ya GTY: kampuni ya meli huamuaje utalala wapi?

MwanaTudor

Assalaam alaykum wanajukwaa. Twapanga safari ya meli ya kitalii kutoka Durban, usiku 4, mwezi wa Januari. Tuko watu 5: mimi na mke wangu, watoto wawili (miaka 6 na 10), na mama mzazi wa miaka 71. Mama magoti yamsumbua, ngazi hapandi ila kwa kushikwa mkono.

Wakala amenipa bei mbili za kebini mbili zenye roshani. Ya kwanza nachagua namba mwenyewe kwenye ramani ya meli. Ya pili ni nafuu, lakini kwenye karatasi, pale penye namba ya kebini, pameandikwa GTY tu (guarantee, yaani dhamana: kampuni ndiyo itakayochagua namba baadaye). Naambiwa nisijali, hao wa GTY ndio hupandishwa daraja bure.

Nataka kuelewa kabla sijalipa. Kampuni hutazama nini inapogawa hizi kebini? Naweza kupewa kilicho chini ya nilicholipia? Kebini zetu mbili zitakuwa jirani? Na namba hutoka lini?

RoshaniNyali

Chukua GTY, kaka. Roshani ni roshani, bahari ni ile ile. Kampuni haiwezi kukushusha, na wengi hupanda. Hiyo tofauti ya bei itakulipia matembezi ya watoto bandarini.

Tezi_na_Omo

Wa alaykum salaam MwanaTudor. Kwa mtu mmoja au wawili wasiojali walale wapi, ndugu yetu hapo juu asema kweli. Kwa nyinyi watano, na mama mwenye magoti mabovu, sikubaliani naye hata kidogo.

Tuanze na kile unachoahidiwa, maana neno dhamana huwachanganya watu. Umedhaminiwa daraja, hukudhaminiwa mahali. Ukilipia roshani hutawekwa kwenye kebini ya ndani isiyo na dirisha. Utapata roshani ya bei ya chini kabisa, au iliyo juu yake. Lakini sitaha ya ngapi, kwenye omo (mbele ya meli) au kwenye tezi (nyuma), chini ya jikoni au juu ya ukumbi wa muziki, karibu na lifti au mwisho wa ujia, hayo yote hukuahidiwa na huna pa kudai.

Sasa kwa nini kampuni huuza hivi. Ndani ya aina moja ya kebini kuna madaraja madogo mengi, na tofauti yake mara nyingi ni urefu wa sitaha na umbali kutoka katikati ya meli tu. Yale ya bei ya chini humalizika mapema. Kampuni haitaki kukufukuza mteja unayetaka bei ya chini, basi huchukua pesa yako, ikakuweka kapuni bila namba. Yajua kwamba kuna watakaofuta safari, na kuna kebini za bei ya juu zaidi ambazo hazitapata mnunuzi. Wewe ndiye wa kuziba yale matundu. Ndiyo sababu bei ni nafuu: umewauzia uhuru wa kukuweka popote.

Alama za GTY hutofautiana kwa kila kampuni ya meli. Royal Caribbean huandika ZI kwa kebini ya ndani, YO ya dirisha, XB ya roshani. Norwegian ni IX, OX na BX. MSC, ambao ndio wengi huwapanda Durban, hutenganisha kwa nauli: kwa kawaida ya Bella kampuni ndiyo inayokuchagulia, ya Fantastica wachagua mwenyewe. Kwa hiyo usitafute herufi GTY peke yake. Soma nauli uliyopewa yaitwaje.

Kuhusu wakati. Mambo huanza kuwa wazi baada ya tarehe ya malipo ya mwisho, kwa sababu wanaotaka kufuta hufuta kabla ya hapo wasikatwe faini. Kwa Royal Caribbean, kwa mfano, tarehe hiyo ni siku 75 kabla ya kuondoka kwa safari za usiku 1 hadi 4, na siku 90 kwa za usiku 5 na zaidi. Kuanzia hapo namba yaweza kutoka siku yoyote. Wako wanaopewa miezi miwili kabla, wengine siku tatu, na wachache huisomea kwenye dawati la bandarini asubuhi ya safari. Kuuliza kila wiki hakuharakishi chochote.

Na huo ugawaji si bahati nasibu. La kwanza linalotazamwa ni idadi ya vichwa kwenye karatasi yako. Kebini nyingi zina vitanda viwili tu. Zile za watu watatu au wanne zina kochi linalokunjuliwa, au kitanda kinachoshushwa kutoka darini, na hizo ni chache, kwa hiyo hutengewa familia.

La pili wengi hawalijui: mashua za kuokolea. Kila kebini imefungamanishwa na kituo chake cha kukusanyika wakati wa hatari, na kila kituo kina mashua zake. Kanuni za SOLAS, yaani mkataba wa kimataifa wa usalama wa baharini, huweka kikomo cha watu 150 kwa mashua moja ya kawaida (zile meli kubwa za Royal Caribbean za aina ya Oasis zimeruhusiwa mashua za watu 370). Kituo kikijaa, mfumo hukataa mtu wa tatu hata kama kebini ina vitanda vinne na iko tupu. Ndiyo maana familia iliyochelewa huambiwa "hakuna nafasi" na huku kebini zaonekana kwenye mtandao.

Kisha huja wale waliolipia kupanda, na hapa ndipo ile habari ya kupandishwa bure inapopunguka. Siku hizi kampuni nyingi huendesha mnada: Royal Caribbean wauita Royal Up, Norwegian ni Upgrade Advantage, Celebrity ni Move Up. Abiria hutaja kiasi atakachoongeza ili ahamie daraja la juu. Kebini nzuri iliyobaki ikipata mtu wa kuilipia, haitolewi bure kwa mtu wa GTY. Kupanda bure kungalipo, ila zaidi ni ndani ya aina ile ile: kutoka roshani ya sitaha ya chini kwenda roshani ya sitaha ya kati. Kuruka kutoka ya ndani hadi roshani hutokea, lakini usikuwekee bajeti.

BintiLikoni

Niongeze kwa upande wa uwakala, maana hapa ndipo pesa hupotea.

MwanaTudor, karatasi yako itakuwa na hifadhi mbili, kila kebini na namba yake ya hifadhi. Wakala aweza kuziunganisha ili mle meza moja. Kuunganisha huko hakuzileti kebini pamoja zikiwa za GTY. Mfumo hugawa kila moja kivyake. Moja yaweza kuwa sitaha ya 9 omoni na nyingine sitaha ya 12 tezini, na kwenye meli ya mita 300 huo ni mwendo mrefu kwa mama. Watoto wadogo wakiwa kebini ya mbali na wazazi, ndiyo usithubutu kabisa.

Ningekuwa napanga mimi, ningefanya hivi. Kebini zote mbili zenye namba, zilizoshikana, na kama zipo zile zenye mlango wa kupitia kati, bora zaidi. Kwenye ramani milango hiyo huonyeshwa kwa mshale mdogo wa pande mbili kati ya kebini, na kebini ya watu watatu kwa alama yake, mara nyingi pembetatu au nyota. Soma ufunguo wa alama kwenye ramani ya meli yako, hazifanani. Kisha gawa 3 kwa 2: mtoto wa miaka 10 alale na bibi yake. Msimwandikie mama kebini ya peke yake, kwa sababu mtu mmoja akilala peke yake mara nyingi hutozwa nauli ya watu wawili, ilhali mtu wa tatu kwenye kebini hulipa chini ya wale wawili wa kwanza.

Na tofauti ya bei uihesabu kwa jumla ya familia, baada ya kodi na ada za bandari. Ile bei ya tangazo ni ya mtu mmoja kati ya wawili. Mara nyingine tofauti yote huwa haifiki chakula cha mchana cha watu watano Nyali.

Kama mama atatumia kiti cha magurudumu, sema sasa hivi. Mlango wa kebini ya kawaida ni kama sentimita 58, kiti hakipiti. Wa kebini ya walemavu ni sentimita 81 au zaidi, na bafu halina kizingiti. Kebini hizo ni chache, huchukuliwa kwa namba na fomu ya mahitaji maalumu, wala usitegemee GTY ikuangushie moja.

MwanaTudor

Shukran sana, bibie, na wewe Tezi. Kiti hatumii, fimbo tu. Nimeshawishika kuchagua namba. Sasa kwenye ramani niepuke wapi? Na ule mnada, nikiwa na namba yangu tayari, nijaribu?

Tezi_na_Omo

Ramani usiisome sitaha moja. Fungua tatu: ya kwako, ya juu yake na ya chini yake, uziweke sambamba. Unachokitaka ni kebini iliyobanwa na kebini juu na chini. Ukiona juu yako ni sitaha ya bwawa la kuogelea, utasikia viti vikiburutwa alfajiri wafanyakazi wanapoosha sakafu. Ukiona juu yako pameachwa peupe bila maelezo, jihadhari: mara nyingi ni jikoni au njia ya wafanyakazi, na vigari vyao vina magurudumu ya chuma. Chini yako kukiwa na ukumbi wa dansi, muziki wa besi hupita sakafuni hata mlango ukifungwa.

Omoni kabisa, sitaha za chini, kuna kelele za nanga na za zile propela za ubavuni zinazosukuma meli gatini. Kebini yote hutetemeka meli inapofunga kamba asubuhi. Tezini ni mtetemo wa injini. Zenye mlango wa kati, kama alivyosema dada BintiLikoni, ni nzuri kwa jamaa, lakini usiichukue hiyo kama upande wa pili atalala mgeni, maana mlango ule haukingi sauti kama ukuta.

Kwa mama, chagua katikati ya meli, sitaha isiyo ya juu sana, kebini ya tatu au ya nne kutoka kwenye lifti. Mbele kabisa ya lifti watu hupiga soga usiku kucha. Katikati na chini ndipo mrama huhisika kidogo. Meli huchezea hapo kama pembea kwenye mhimili wake, na ncha ndizo zipandazo na kushuka. Jambo hili lina uzito kwa njia ya Durban hasa. Mkondo wa Agulhas hushuka kusini kando ya pwani ile, na upepo wa kusini-magharibi ukivuma kuukabili, mawimbi husimama wima. Mtu aliyezoea kivuko cha Likoni asidhani ni maji yale yale.

Mnada usiuingie. Ukishinda, wakuhamisha kwenye namba wanayoitaka wao, na pale pale umepoteza ujirani wa kebini ulioulipia. Pia mwambie wakala aandike kwenye hifadhi zote mbili kwamba hamtaki kupandishwa daraja. Mfumo ukiona ruhusa iko wazi, waweza kumpandisha mama sitaha tatu juu na kuwaacha nyinyi chini, na ikaonekana ni zawadi.

RoshaniNyali

Nakubali kwa habari ya mama. Sikufikiria ujirani wa kebini. Lakini mimi na mwenzangu tutakwenda na GTY, wawili tu. Huo mnada kwetu una maana? Kadi yangu ni ya M-Pesa GlobalPay.

BintiLikoni

Kwenu wawili una maana, mkijua masharti. Kiasi unachotaja ni cha kila mtu, si cha kebini. Royal Up huwatoza wageni wawili wa kwanza, kwa hiyo ukiandika dola 60 utakatwa 120. Ofa yaweza kukubaliwa siku chache tu kabla ya safari, na pesa hukatwa papo hapo bila kukuuliza tena. Hapo ndipo kadi ya M-Pesa huwaponza watu: akaunti ikiwa haina salio saa ile, muamala hukataliwa na kebini yaenda kwa mwingine. Muamala mmoja wa M-Pesa pia una kikomo cha shilingi 250,000 za Kenya. Tumia kadi ya benki yenye nafasi ya kutosha, na uiambie benki mapema isizuie malipo ya nje. Ukibadili nia, futa ofa kabla haijakubaliwa, ikishakubaliwa hairudi.

Namba ya GTY ikitoka, ifungue ramani siku hiyo hiyo. Kuhama kabla ya safari hutegemea nafasi iliyobaki, nawe utalipa tofauti. Ukishapanda, dawati la wageni litakuandika kwenye orodha, na kebini za wasiotokea hujulikana meli ikishaondoka, kwa hiyo rudi asubuhi ya pili, usipigane nao jioni ile.

Lebo za mizigo ukizichapa kabla ya namba kutoka zitakuwa na nafasi tupu. Andika jina na namba ya hifadhi kwa kalamu isiyofutika. Wachukuzi pale Nelson Mandela Cruise Terminal watajaza kebini. Dawa na chaja ziwe kwenye begi la mkononi, kwani sanduku lisilo na namba ndilo huchelewa kufika mlangoni.

Na nyote wawili: Afrika Kusini sisi Wakenya hatuhitaji visa hadi siku 90 tangu 2023, lakini kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano huulizwa. MwanaTudor, kwa umri wa mama pita kwanza kwa daktari, maana chanjo ile baada ya miaka 60 hutolewa kwa uangalifu, na kama haimfai huandikiwa barua ya kusamehewa. Fanya hilo kabla ya kulipa kebini.

MwanaTudor

Daktari ni Jumatatu, inshallah. Kebini nimeomba zizuiwe: sitaha ya 9, katikati, mlango wa kati upo, juu na chini ni kebini pekee. Nimemtaka wakala aandike asipandishwe mtu.

Tezi_na_Omo

Omba akutumie uthibitisho mpya wenye maneno hayo, uyaone kwa macho yako kwenye hifadhi zote mbili, ya mama na ya kwenu.