Mtoto wa miaka mitatu kapangiwa siti mbali na mama yake kwenye ndege, nani apishe?

Wakuu hili la siti za ndege kila likizo ya Desemba linarudi na kila likirudi watu wanagombana wao kwa wao, mzazi anaitwa bahili, aliyekataa kupisha anaitwa kauzu, na aliyezipanga hizo siti wala hatajwi. Mimi naanza na huyo.

Ukikata tiketi ya bei ya chini siti huchagui mpaka uongeze hela. Usipoongeza mfumo ndo unakupangia wakati wa kuchek-in, na kufikia hapo za dirishani na za koridoni wenzako washalipia, zimebaki za katikati moja moja, mstari wa 9, wa 17, wa 24. Sasa mfumo huohuo si una tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, uliijaza mwenyewe wakati unakata tiketi! Wanajua wana abiria wa miaka 3, wanajua kaja na nani, halafu yeye wa 24 mama yake wa 9. Mtu akiniambia hapo ni bahati mbaya simwelewi.

Wasio na watoto wanasema nimelipia siti yangu nihame kwa nini. Nawaunga mkono kabisa. Mtu kalipia dirisha safari ya masaa nane, halafu anaombwa wabadilishane na siti ya katikati kule nyuma karibu na choo, akikataa hajamkosea mtu. Ila nyie mnaosema "mzazi naye alipie kama wengine" ndo tunaachana njia. Dirisha ni starehe, nafasi ya kunyoosha miguu ni starehe, lakini mtoto mdogo kuwa na mtu wa kumfunga mkanda na kumvalisha maski ya oksijeni ni usalama. Ndege zinapimwa zitoe watu wote ndani ya sekunde 90, sasa niambieni mzazi gani atatokea mlango wa mbele huku mwanae kabaki nyuma? Atageuka tu, atapita kinyume na watu, na atawakwamisha hata nyie mliolipia.

Canada wameweka kanuni tangu 2019. Mtoto chini ya miaka 5 anakaa siti inayogusana na ya mzazi, wa 5 mpaka 11 mstari mmoja na isizidi siti moja katikati yao, wa 12 na 13 wasitengane zaidi ya mstari mmoja, na hakuna kuongeza hela. Ikishindikana kwenye kuchek-in ni shirika linalotafuta wa kujitolea kuhama, wakati wa kupanda na tena kabla ya kuruka, sio mama azunguke anaombaomba na begi la pampasi mkononi. Wabongo wa Toronto inawahusu, maana inagusa na ndege zinazoingia na kutoka kule. Marekani nao mwaka 2024 wizara ya usafirishaji ilipendekeza mashirika yasitoze hela kumkalisha mtoto wa miaka 13 kushuka chini kwenye siti inayogusana na ya mzazi, ila 13 kwa kweli wamezidisha, wa umri huo huku kwetu anapanda basi la Mwanza na kumlinda mdogo wake. Ngazi za Canada zina akili zaidi.

Wazazi nao wasijisahau. Mzazi mmoja kwa mtoto inatosha, baba anaweza kukaa kivyake, familia ya watu saba kutaka mistari miwili mizima hiyo sasa ni pikiniki. Mlango wa dharura mtoto hakai hata ulie. Na kwenye hizi ATR, ndege ndogo za mapanga za safari za ndani, siti ni mbili mbili, mama mwenye watoto wawili mmoja lazima avuke korido, hapo hakuna wa kumlaumu na mkono unafika.

Kwa hiyo naomba mamlaka za usafiri wa anga, TCAA ya Tanzania na KCAA ya Kenya, waweke ngazi kama hizo kwenye kanuni zetu. Najua mtasema nauli itapanda kwa wote, haya, anayeamini hivyo atueleze itapandaje wakati siti ni zilezile na idadi ya abiria ni ileile. Na nyie mliowahi kugoma kupisha, mlikuwa mnapewa siti gani badala yake?